Sista Nyanchera na Tumbo Lililoanzia Kidoleni

Hadi jana sikuwa nimemwambia mtu: nge aliyemuuma Kemuma, mwenzangu wa bwenini, muhula uliopita alikuwa wangu. Chama cha Sayansi kimeniomba niandike wasifu wa Sista Nyanchera, muuguzi wa shule yetu, anayestaafu tarehe 29 Novemba 1996 baada ya miaka ishirini na saba. Siwezi kuuandika bila kusema hilo.

Sista alianza na kitanda kimoja na birika la kuchemshia sindano. Wanaougua ghafla asubuhi ya mtihani wa hesabu huwapa maji moto na kuwarudisha darasani. Lakini kila mgonjwa lazima avue viatu, hata wa kikohozi. Tulimcheka sana kwa hilo.

Siku ile tulimwingiza Kemuma ameinama, anatapika, maumivu ya tumbo yakipenya hadi mgongoni.

"Ni githeri ya jana, Sista, yale mahindi na maharagwe," Kemuma alisema.

"Githeri haivimbishi kidole cha mguu, mwanangu. Lete kiatu."

Sista alikikung'uta, nge akaanguka. Alitueleza kwamba sumu ya baadhi ya nge huichochea kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, imwage maji yake ya kusaga chakula kupita kiasi, mpaka yaanze kuiunguza yenyewe. Hakumpa Kemuma hata uji. Alimpeleka hospitali Kisii mwenyewe, na vipimo vya damu vikathibitisha. Kemuma alilazwa siku tisa.

Nge huyo nilimwokota kwenye machimbo ya mawe Tabaka, nikamficha ndani ya mkebe wa kakao bwenini kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Kifuniko kililegea, akatoroka.

Lawama zilimwangukia Mzee Nyamongo, mpishi wetu, kwamba kuni alizopanga nyuma ya bweni ndizo zilizoleta nge. Alisimamishwa kazi. Sista peke yake alimtetea. Alipouliza gwarideni, mbele ya shule nzima, kama kuna mwenye la kusema, nilitazama viatu vyangu.

Sista, asante kwa miguu yetu yote uliyoikagua. Kapumzike vyema nyumbani kwako Ekerenyo. Majani yako ya chai yastawi, na mgongo usikusumbue.

Jana, baada ya kipindi cha mwisho, nilipeleka ule mkebe kwa mwalimu mkuu, nikamweleza yote. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda kwa Mzee Nyamongo. Nilimkuta akipalilia migomba, nikamwambia mimi mwenyewe.