Historia ya Marehemu Thani bin Saeed, Ambaye Mwingereza Alikataa Kumfunga

Historia hii ilisomwa siku ya tatu ya matanga, baada ya sala ya Alasiri, katika sabla, yaani ukumbi wa mikutano, ya mtaa wetu wa Mawaleh hapa Maskati, na naiandika kama ilivyosomwa, pamoja na maneno waliyoyatia waliohudhuria, kwa ajili ya jamaa wa Unguja, Mombasa na Cardiff ambao hawakuwahi kufika.

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia, mimi naitwa Sami, mtoto wa mwanzo wa marehemu, na kabla sijaanza nalazimika kuwaomba radhi watu wa sabla ya mtaa wa pili, kwani jana asubuhi nilipotua kutoka Jakarta, macho yamevimba kwa kilio na kukosa usingizi, niliona magari mengi na viti vimepangwa, nikaingia kwao badala ya hapa, nikawapa mkono safu nzima, nikamkumbatia mzee mmoja nikamlilia mpaka dishdasha yake ikarowa bega, nikanywa kahawa, nikala halua, na nilipoulizwa mimi nani kwa marehemu nikajibu kwa sauti kwamba ni mwanawe wa kiume wa pekee, nisijue kwamba marehemu wao, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha mabinti watupu. Ndugu wa marehemu, ambao mtoto wa kiume angewatoa katika urithi, waligeuka rangi, mmoja akaanza kutafuta simu ya kadhi, na mimi niliyezunguka dunia na ndege za mizigo, nisiyepata kupotea Lagos wala Rotterdam, nusura niingie katika mirathi ya watu hatua chache kutoka kwetu. Nawashukuru kwa kunisindikiza mpaka hapa, na halua yao ilikuwa nzuri.

Marehemu Thani bin Saeed alizaliwa tarehe 14 Machi 1937, mtaa wa Malindi, Unguja, mtoto wa mwanzo wa babu yetu Saeed kwa mke mkubwa, ambaye asili yake ni huku Oman, na mwezi wa Juni mwaka ule ule mke mdogo, mtu wa Makunduchi, akajifungua Ami Khalil, huyu mnayemwona kiti cha mbele na bakora yake, na yasemekana siku mtoto mpya alipoingizwa nyumbani marehemu alilia akagoma kunyonya. Wake wenza wenyewe walipatana, wakipikiana na kusukana nywele, na wivu wao wote wakawaachia watoto.

"Hakulia," akasema Ami Khalil. "Alinitema mate."

Nikamwambia, "Ami, wewe ulikuwa na siku moja."

"Nimehadithiwa."

Walitiwa chuo cha Kurani pamoja, na mwaka 1944 wakatiwa skuli ya serikali pamoja, ambako marehemu alikuwa wa mwanzo kwa Kiingereza na Ami Khalil wa mwanzo kwa mpira, na kila mmoja akawa hana raha na alichonacho kwa sababu ya alichonacho mwenziwe, na mwaka 1951 babu aliponunua baiskeli moja akampa marehemu kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, Ami Khalil alijifunza ufundi wa baiskeli, akidai kwamba mwenye kuitengeneza ndiye mwenyewe hasa. Skuli ilipokwisha, mwaka 1955, marehemu alipata kazi ya ukarani forodhani, na Ami Khalil akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Ng'ambo, na huenda maisha yao yangeendelea hivyo hivyo, kwa kununiana na kula pamoja, lau si zile zama za siasa.

Nyinyi vijana mliozaliwa hapa, mnaoijua Unguja kwa picha za harusi, nawaelezeni kidogo, kwani bila ya haya hamtamjua marehemu. Mwingereza alikuwa akitutawala, na takriban kila mtu alikubali kwamba iko siku ataondoka, ila watu waligombana aondoke lini, na nani akae katika kiti atakachokiacha, watu wa chama cha Hizbu wakisema uhuru sasa hivi, leo kabla ya kesho, na wengi katika watu wa chama cha Afro wakisema usubiri kwanza, watoto wetu wasome, maana mkoloni akitoka leo ufunguo atawaachia wenye mashamba. Marehemu alikuwa Hizbu damu, na Ami Khalil, kama wajomba zake wa Makunduchi, alikuwa Afro. Basi watu waligomeana maduka, wanawake waliachwa kwa kadi za chama, na baya kuliko yote walisusiana mazishi, wa Hizbu akifa wa Afro hakanyagi matangani, na wa Afro akifa wa Hizbu apita njia nyengine, na nyumbani kwa babu kulikuwa na mabirika mawili ya kahawa barazani, moja la kila upande, naye babu kakaa kati, anywa yote mawili kwa ajili ya uadilifu, hapati usingizi.

Wakati ule, kijana aliyetaka heshima alitaka jambo moja tu, nalo ni kufungwa na Mwingereza. Marehemu alilitaka kuliko wote, na hakulipata. Mwaka 1958 alisimama kando ya uwanja wa kriketi Mnazi Mmoja akapiga ukelele wa uhuru mbele ya wakubwa wote, mpira ukamwangukia miguuni, Mzungu mmoja akamwomba kwa adabu aurushe, naye kwa adabu za nyumbani akaurusha, akapigiwa makofi. Mwaka 1960 aliandika barua ya kuacha kazi, akautukana ufalme mzima, na mkubwa wake pale forodhani akaisoma, akamsahihishia Kiingereza, akamrudishia, akamwambia chai iko tayari. Na mwezi wa Juni 1961, uchaguzi ulipomwaga damu, damu ya watu wengi wasio na kosa ambao tunawaombea rehema wa kila upande, na serikali ikawa inakamata watu kwa magari, marehemu alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akasema yeye ndiye mchochezi, ila inspekta alikuwa akimjua babu, akampa askari wa kumrejesha mpaka mlangoni, akapita mtaa mzima akisindikizwa kama bibi harusi.

Wiki ile ile Ami Khalil, ambaye alikuwa akitaka uhuru usubiri, ambaye hakumtukana Mwingereza hata mmoja, alitoka kwenda kuchukua viatu vyake kwa fundi, akakamatwa njiani, akatiwa jela ya Kiinua Miguu mpaka mwezi wa Septemba. Aliingia akitaka uhuru usubiri, akatoka akiutaka tangu juzi, na siku aliyotoka watu wa Afro walimbeba begani, na hata wa Hizbu wawili watatu walimpa mkono kwa kificho, na marehemu alimtazama kutoka dirishani. Mama yetu alikuwa akitwambia kwamba hakupata kumwona mtu akitazama kitu vile, hata mtoto mbele ya duka la barafu.

Kabla ya hapo, siku ya Ijumaa tarehe 11 Agosti 1961, marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Muhsina binti Marwan, wa Shangani, ambaye aliposwa kwa posa mbili katika mwezi mmoja, na moja ikajibiwa, na mengine yanayosemwa juu ya posa hizo si ya kusomwa matangani.

Ami Khalil alikohoa. Nikaendelea.

Tarehe 10 Disemba 1963 bendera ya Mwingereza iliteremshwa, na ndugu wawili hawa walikuwapo katika umati, marehemu kwa mbali na Ami Khalil mbele, kwani waliowahi kufungwa walipishwa njia, na mwezi mmoja baadaye yakaja mapinduzi, kila mmoja wenu anajua kwao yalimfikaje. Marehemu na mama yetu waliondoka mwaka 1964, wakakaa Cairo, wakakaa Kuwait, na mwaka 1972 wakafika Maskati, ambako alipata kazi ya ufasiri katika wizara moja kule mji wa kale, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1997. Ami Khalil alibaki Unguja mpaka 1976, alipogundua kwamba kadi ya Afro haimpi mtu unga, na aliyempokea uwanja wa ndege wa Sib alikuwa marehemu, aliyemtafutia kazi alikuwa marehemu, na aliyemtafutia nyumba ya tatu kutoka kwetu, ili awe karibu wa kumwonea wivu, alikuwa marehemu.

Tangu hapo kila Ijumaa tulikula pamoja, na kila Ijumaa Ami Khalil alihadithia jela yake, na uji wa jela ule mwaka 1976 ulikuwa na mdudu mmoja, mwaka 1990 ukawa na wadudu, na ilipofika mwaka 2000 ulikuwa wadudu wenye uji kidogo. Marehemu alikuwa akiinuka kunawa kabla hajashiba. Mimi nimewaona watu wakioneana wivu kwa magari, kwa vyeo, kwa wake, lakini mtu aliyejengewa nyumba na Mungu, akapewa kazi na watoto, akamwonea mwenziwe wivu kwa uji wenye mdudu, nimemwona mmoja tu, naye alikuwa baba yangu, na nilimpenda.

Marehemu ameacha watoto watatu, mimi, Manal ambaye ni daktari wa meno, na Shahad ambaye ni mwalimu, na wajukuu saba, na mama yetu alimtangulia tarehe 9 Mei 2015, na tangu siku ile alipungua, akawa mtu wa kukaa na kusikiliza.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na nyumbani aliangaliwa na binti yetu wa kazi Nambi, mtu wa Masaka, Uganda, ambaye marehemu alimhadithia maisha yake yote, naye juzi, akiwapa wageni chai, aliwaambia, "Mzee aliteseka sana na Wazungu. Walimfunga, wakampa uji una wadudu. Aliniambia yeye mwenyewe."

"Wadudu wangu hao," akasema Ami Khalil, akapiga bakora chini.

Nambi akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Pole, mzee. Mimi nilijua ni wake."

Mwezi uliopita, kabla sijasafiri, marehemu aliniita kitandani pake hospitali, akaniambia, "Sami, wewe ndiye utakayenisomea historia yangu. Usiwachoshe watu. Lakini sema nilifungwa na Mwingereza. Hata siku moja. Sema siku moja tu."

Nikamwambia, "Baba, hayo si kweli, na Ami Khalil yu hai."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwombe ruhusa."

Hiyo ndiyo kauli ya mwisho aliyonambia ana kwa ana, wenzangu, na tarehe 3 Februari 2025, siku ya Jumatatu, kabla ya jua kutoka, marehemu alifariki, akazikwa siku ile ile makaburi ya Amirat, mimi nikiwa angani. Aliyemshusha kaburini badala yangu, kwa umri wake na magoti yake, watu wakimzuia naye akiwasukuma, alikuwa Ami Khalil, mtu wa Afro katika kaburi la mtu wa Hizbu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa subira, ingawa aliwasahihisha Kiingereza chao, inawashukuru majirani waliopika siku zote tatu, wafanyakazi wenziwe wa zamani waliokuja kutoka Yiti na Sohar, na Nambi, ambaye alimgeuza, akamlisha, akamwamini. Mwenye haki yake kwa marehemu, au aliyekosewa naye kwa neno au kwa siasa, tunamwomba amsamehe. Baba, lala salama, kaburi lako liwe pana, na Mwenyezi Mungu akukutanishe na uliowapenda.

Hapo nikakunja karatasi, maana hukumu ya neno moja ilikuwa bado, na nilijua nikiondoka bila kuliuliza sitalala. Nikamgeukia Ami Khalil mbele ya sabla nzima, nikasema, "Ami, umesikia alivyoniomba. Nkiandika hii historia, niwapelekee jamaa wa nje, unaniruhusu nitie kwamba alifungwa? Siku moja tu."

Ami Khalil aliinamia bakora yake, akautazama mkono wake uliokuwa bado na udongo wa Amirat kwenye kucha, akainua uso.

"Nilipokuwa ndani mimi, yeye alimuoa Muhsina," akasema. "Basi abaki na Muhsina wake, na mimi mniachie jela yangu. Haya, someni Fatiha."