Kiboksi cha Katikati

Ilikuwa siku ya kihistoria kwa elimu ya dunia nzima: mwalimu wa kompyuta na fundi wa mtandao waligombana ndani ya treni. Nyuma yao aliketi matroni wa bweni la shule yao, macho dirishani, masikio yote mbele.

“Kompyuta zote umeziunga kwenye kiboksi kimoja,” mwalimu alifoka. “Kikizimika, darasa zima limekwisha. Ungezipanga mstari mmoja, waya upite kutoka hii kwenda ile!”

“Mstari, mwalimu? Hapo waya ukikatika popote, zinalala zote. Kwangu inalala moja tu.”

“Basi mbona mtandao unakufa kila siku wakati wa mapumziko? Mkuu amesema ukifa tena kesho, kazi anampa fundi mwingine.”

Fundi akanywea kama kuku aliyemwagiwa maji. Matroni, ambaye Mungu alimpa huruma nyingi na breki chache, akashindwa kuvumilia.

“Jamani, msimwonee mtoto wa watu! Mbona unazimika kidogo tu? Birika langu likishachemka, kiboksi chenu nakichomeka tena palepale.”

Treni ikasimama. Wote watatu walikuwa wamefika, lakini hakuna aliyeinuka.