Nailoni ya Sebuleni

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu imebaki ya kunong'ona na sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba baba alisema hivi au vile. Na mbona mmesimama? Tangu mliponitoa hospitali asubuhi mkanitandikia godoro hapa chini sebuleni, mmenisimamia kama watu wanaongoja kuitwa na daktari, na makochi yamejaa chumba kizima. Wewe dada mtu una watoto wanaokaribia kuoa, na wewe mdogo wake una mvi kidevuni, na bado mnaogopa kukalia nailoni ya baba yenu. Niliwafundisha mimi. Hilo ndilo ninalotaka kulisema kabla sijaondoka, kwa hiyo msinikatize, na msiniambie nipumzike, nitapumzika sana.

Kazi yangu mnaijua. Kochi likitoka karakana fundi hulifunika nailoni lisichafuke njiani, na likifika kwa mteja nailoni huchanwa mbele yake, naye hukaa wa kwanza, akishasema "hapo sawa," fundi anachukua mkasi wake na kwenda zake. Nimechana nailoni katika sebule za watu maisha yangu yote. Yangu sikuichana. Nilipomaliza seti ya kwanza nilimwambia mama yenu tungoje kidogo tupate zulia la kuendana nayo. Zulia lilipokuja chumba kikaonekana kidogo, nikabomoa ukuta. Halafu nikapeleka kazi kwa mteja mmoja mwenye nyumba kubwa, nikaona makochi yenye mikono ya mbao iliyochongwa, nikarudi hapa nikayaona yangu takataka, nikayavunja na kuanza upya. Kila nikimaliza nasikia raha siku mbili tatu, kisha raha inaniponyoka, nasema basi kosa ni kitambaa, kosa ni rangi, kosa ni dirisha. Mama yenu akaniuliza, "Baba watoto, hivi tutakaa lini?" Nikamwambia, karibu.

Yeye alikaa jikoni, kwenye kigoda chake. Alimenya viazi pale akiimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na mimi nikipita namwonea huruma, naona mke wangu hana kitu. Lo! Mwenye kitu alikuwa yeye. Alimpata Bwana pale pale penye maganda ya viazi, akatosheka, na mimi mzee wa kanisa, mkaa kiti cha mbele, nafumba macho namwomba Mungu anipe velveti. Chekeni tu, ni kweli, niliomba velveti, na nikaipata, ndiyo hiyo hapo chini ya nailoni. Aliniomba jambo moja tu miaka yote, kwamba zamu ya ibada ya nyumbani ifike kwetu, waumini waje waimbe humu. Nikawa na visingizio, mara rangi haijakauka, mara fundi bomba anakuja. Tukaenda kuabudu kwa wenzetu, kwenye mabenchi na mikeka, na kwetu hawakuja. Aliyewahi kukalia kochi hilo ni paka peke yake, na nilimtoa kwa kandambili.

Sasa nafika penye uchungu. Dada mtu, nitazame. Siku tuliyomzika mama yenu, mvua ilipowakuta watu uani kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani, ulimwendea mdogo wako ukamwambia afungue sebule, naye akasema ufunguo hauonekani. Ulijua anadanganya. Ukamwambia mbele ya watu kwamba hana haya, na tangu siku ile hamjala meza moja, salamu zenu mnanipa mimi nizifikishe. Mwanangu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na aliyemkataza asifungue ni mimi. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Watatia matope." Natoka kumzika mke wangu, nawaza matope! Yule Mwinjilisti mzee, aliyewafundisha ninyi wawili kipaimara, akakaa kwenye mvua na kofia magotini, anaongoza watu kuimba, na kifua chake hakijapona mpaka leo. Mdogo wako alinyamaza ili anisitiri, nami nikamwacha abebe. Nilikuwa nawaona mnavyopishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana, moyo unaniuma, nasema nitawaambia kesho. Mungu nilimwomba msamaha, na naamini amenipa. Lakini aliyeambiwa hana haya hakuwa Mungu, alikuwa huyu hapa. Nisamehe, kijana wangu. Na wewe, binti yangu, nisamehe. Nimewaibia undugu wenu kwa ajili ya kitambaa.

Usilie. Nimalizie kwanza.

Nyumba ni yenu wote wawili, mtu asimtoe mwenzake, na asiongeze mtu ukuta. Cherehani abaki nayo mdogo mtu, anajua kuitunza. Kigoda ni cha dada mtu, na usikipake rangi, kiache hivyo hivyo. Lile kochi la mtu mmoja mpelekeeni Mwinjilisti, mlibebe ninyi wawili, huyu huku na huyu kule, msimtume mtu, mumwambie nimemwomba radhi. Lisiende na nailoni. Na ibada ya wiki hii iwe hapa, nikiwepo nisipokuwepo. Wakija na matope, jamani, waacheni.

Mkasi uko pale dirishani. Uchukue wewe dada mtu, na wewe mdogo uvute nailoni ikaze, ndivyo inavyokatwa, peke yako huwezi. Ala, usianzie juu! Anzia nyuma, penye mshono... ee. Hapo. Hebu sikieni inavyolia. Endeleeni... vumbi lote hilo, mwe.

Kaeni sasa. Hilo refu, wote wawili. Kaeni, nimesema.

Na mimi niinueni... taratibu, mgongo. Sijawahi kukaa hapo, mnajua? Hata siku moja. Katikati... nataka kati yenu.

Mungu wa mama yenu... awashibishe mapema, msizunguke kama mimi. Awajazie nyumba watu. Awape... ngojeni nipumue. Mkono wako. Si kwangu, mpe ndugu yako... mshike. Naam. Bwana awashike hivyo hivyo.

Mlango uacheni wazi.

Laini... kumbe ni laini hivi. Mama yenu angekaa hapa... hapo... hapo sawa.