Mama Majivu na Kona ya Mtaa Wetu

Mama yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma mpaka darasa la saba. Ada ikashindikana, akaingia jikoni.

Alipika kwenye kantini ya shule ya mtaa huu kuanzia 1980 mpaka Desemba 2022. Mwaka 1984 aliolewa na baba yetu, fundi bomba, aliyetangulia 2015.

Jina la Mama Majivu alilipata mwaka 2021. Watu wa mipango miji walileta ramani, wakataka wakazi tuseme mtaa upangwe vipi. Tusidanganyane, hakuna aliyeielewa, tulikuwa tunatingisha vichwa tu. Mama akaenda kantini, akarudi na ndoo ya majivu.

"Haya, tuchore hapa chini. Kila mtu aone barabara inapita wapi kwake."

Watu wakachora wenyewe: mtaro, bomba, uwanja wa watoto. Jirani akakubali kuhamisha banda lake la kuku. Halafu mstari wa kona ukaingia kwenye ua wetu.

"Ukuta hauvunjwi!" tukamwambia mbele za watu. "Mama, unagawa kiwanja cha baba kama pipi?"

"Gari la wagonjwa litakataje kona, wanangu?"

"Kwani nani anaumwa hapa?"

Watu wakacheka. Tukafuta majivu kwa viatu. Jirani naye akasema, kama wenyewe hawatoi, yeye ni nani atoe? Barabara ikafia hapo. Mama alibeba ndoo yake, na hakutusema hata siku moja.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Jumanne tarehe 4 Juni 2024 alizidiwa. Gari la wagonjwa lilikuja haraka, likakwama kwenye kona. Tukambeba kwenye kiti cha plastiki. Tulipofika ukutani akasema kwa sauti ndogo, "Taratibu, msije mkaukwaruza ukuta wenu."

Hospitali tulifika tumechelewa. Daktari hakusema hivyo. Tunasema sisi.

Jana tumeuvunja ukuta wetu. Mkutano haukuitishwa. Jirani alitoka na nyundo, akaanza na banda lake la kuku, bila kututazama usoni. Leo gari linalombeba Mama linapita palepale alipomwaga majivu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na barabara.

Tusamehe, Mama. Pumzika kwa amani. Njia nyeupe.