Ng'ombe Karembo na Mkono wa Mpira

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hata nyinyi mliokaa karibu na mlango ndio mtoroke mapema, asifiwe!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Nyambura wa Wamagana, na mnajua mashine ya kukata nepia, yale majani ya ng'ombe, ilinikata kiganja cha kulia. Tangu siku hiyo, mkiambiwa mpigie Mungu makofi, mimi napiga paja. Iliniuma sana!

Lakini shida yangu kubwa ilikuwa Karembo, ng'ombe wangu. Jirani akija kumkamua, Karembo anafunga maziwa, hashushi. Shemeji yangu akaanza kuzunguka zizi akimpima kwa macho. Ati ng'ombe asiyekamulika ni nyama. Na ng'ombe huyo ndiye anasomesha watoto wangu! Nililia mbele za Mungu.

Basi akaja msichana, Wairimu, mwanafunzi wa chuo huko Nyeri mjini, amebeba mkono wa mpira kwa mfuko. Ati wameutengeneza na wenzake, unafinya kwa betri, nijaribu bure. Bure! Hapo nikashtuka. Kuna watu waliwahi kumletea jirani yetu kiti cha magurudumu, wakampiga picha amekikalia, wakaondoka nacho. Nikamwuliza Wairimu kamera iko wapi. Akasema hana. Nikazidi kumshuku! Na kile kitu kilikuwa kinakunja vidole chenyewe.

Alipouacha akaenda tu, nikaita kina mama wa maombi. Tukakemea. Kisha, kama kawaida yetu, tukaumwagia mafuta ya upako, na hawa mama mnawajua, hawapimi. Mkono ukalia nyiii, ukanyamaza. Pepo ametoka! Tukaimba mpaka majirani wakaja.

Wairimu aliporudi nilimweleza kifua mbele. Nilingoja acheke, ama anidai. Hakucheka. Aliufungua pale pale kibarazani, akapangusa nyaya kwa leso yake, akasema, "Mama, ningejua mtauombea, ningeufunika kwanza." Akaenda nao. Nikasema moyoni, huyo tumemalizana naye.

Alirudi, ndugu zangu! Ameuvalisha tyubu ya baiskeli, umefunikwa kabisa. Akasema, "Sasa waite waombe." Nikamwuliza tena habari ya picha.

"Picha ya nini, Mama? Mimi nataka kuona kama Karembo atakubali."

Siku hiyo shemeji alikuwa amesimama getini na mnunuzi mwenye kamba. Nikavaa mkono, nikakaa kwenye kigoda. Karembo akageuka, akaunusa, akanitazama vile mimi nilimtazama Wairimu. Nikamwimbia kidogo, kama zamani. Hakuna kitu. Nikaendelea kuimba. Halafu maziwa yakagonga ndoo! Kwa mkono huu, na kwa huu wa mpira! Nililia kama mtoto, na yule mnunuzi akaenda zake na kamba yake.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Wairimu. Yuko kule nyuma, simama mwanangu. Nimeshamwangalia mikono, hana kamera. Wewe unayeomba msaada na bado unamshuku kila anayebisha, mtegemee Mungu, fungua mlango. Maswali utamwuliza akiwa ndani anakunywa chai.

Kina mama wa maombi, wekeni chupa chini. Kanisa, tumpigie Mungu makofi! Hapana, ngojeni. Nyamazeni kwanza, mnisikie mimi nikipiga.