Ugonjwa Tulioogopa Kuuulizia: Maisha ya Kaka Yetu, Msahihishaji wa Prufu

Ndugu, jamaa na majirani, tunawasomea maisha ya kaka yetu jinsi yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo wengine wetu tulitaka kuiruka.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1975, kitinda mimba wa mama yetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Alianza shule mwaka 1982 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1992. Maswali hayakumwisha. Alimuuliza mwalimu wa jiografia ni nani aliyepima kina cha bahari, na kwa kamba ya urefu gani. Alitolewa nje. Akaenda kusimama dirishani kusubiri jibu.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kusahihisha prufu, yaani karatasi za majaribio. Kila ukurasa aliusoma mara mbili, mara ya pili akianzia mstari wa mwisho kupanda juu, jicho lisije likadanganywa na mazoea. Ndivyo alivyoinasa kadi ya harusi iliyomwoza binti kwa baba yake mzazi. "Bwana wee," bosi alimwambia, "umenusuru ukoo mzima!"

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na karani wa duka la karatasi. Wifi yetu anasimulia: "Barua yangu ya kwanza aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ya pili nikatia makosa makusudi, aje kunifundisha mwenyewe."

Mwaka 2019 aliugua sonona. Hakuwa na homa wala kidonda, basi hatukuuona ugonjwa. Alilala mchana, prufu zikamrundikia mezani. Tukamwambia, "Jikaze, mwanamume mzima! Una mke, una kazi, unakosa nini?" Mwingine alisema ni uvivu, mwingine akasema imani imepungua. Mwaka 2021 alipata matibabu na akarudi kazini. Alipoanza tena utani tukadhani yamekwisha, nasi tukamuuliza dawa za nini tena. Mtu anawezaje kuchekesha meza nzima huku anaumia? Hatukujua kwamba inawezekana.

Mwezi Mei mwaka huu wifi alimwambia dada wa marehemu, anayewasomea haya: "Wifi, simwelewi mume wangu. Nataka nimuulize kama anafikiria kujiua."

"Usithubutu! Utamtia wazo kichwani."

Hakumuuliza. Kaka yetu alijiua Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, akiwa na miaka 49.

Muuguzi wa kliniki alipokuja kutupa pole, tulimuuliza kama kweli swali lile lingemtia wazo. "Hapana, mama," alisema. "Kuuliza hakumtii mtu wazo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kusema. Swali lenu lingebadilisha nini, hakuna anayejua, msijihukumu. Ila siku nyingine ulizeni, kisha msimwache peke yake, mleteni."

Jumatatu tulikaa kuandika wasifu huu. Baba mdogo, mkubwa wetu, akasema, "Andikeni aliugua ghafla. Watu wana midomo."

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa akimenya viazi. Akaweka kisu chini. "Babu, miaka mitano ndiyo ghafla?"

"Tunamsitiri baba yako, mjukuu wangu."

"Na mimi nikiugua hivyo, mtanisitiri pia?"

Baba mdogo akauliza polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya: "Kwani unaumwa?"

"Kidogo. Tangu Februari."

"Unafikiria kujiua?"

"Si kila siku."

Tulishtuka, lakini hakuna aliyemkemea. Baba mdogo alisogea kwenye kochi akampisha. "Njoo ukae hapa. Niambie ya siku hizo." Akatugeukia sisi: "Andikeni kama ilivyokuwa." Jioni ileile alimpeleka kwa muuguzi yeye mwenyewe, na hadi leo tunapokezana kukaa naye. Binti mwenyewe ametuambia tuwasomee haya, maana huenda kuna mwingine hapa anayesubiri kuulizwa.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, sisi dada zake, baba mdogo, na wafanyakazi wenzake wa miaka ishirini na tisa.

Lala salama, kaka yetu. Mungu akupe utulivu ulioutafuta, nasi atupe ujasiri wa kuulizana tungali hai.