Blogu Kumi na Saba Zilizonyamaza

Katika treni ya La Marsa kwenda Tunis, Rafika alichungulia simu ya mzee aliyeketi kando yake. Programu moja ilimkusanyia makala mpya za blogu sitini.

"Ami, blogu hizi kumi na saba hazina jipya. Si uzifute?"

"Zinakula nini kwangu, mwanangu? Mwenyewe akiandika, naletewa papo hapo."

"Huyu kanyamaza miaka minne! Keshakusahau."

"Hata hanijui. Msomaji habishi hodi."

Rafika aliguna. Blogu yake ya mapishi ya bibi yake aliiacha mwaka juzi, akiamini haina msomaji. "Na akirudi na upuuzi?"

"Nitausoma huo huo upuuzi."

Treni ikafika kituo cha mwisho. Abiria wakashuka wote, ila Rafika, aliyeinamia simu yake akijaribu kukumbuka nywila ya blogu yake.